Nilivyomsengenya Mkuu Mpya wa Shule

Bora niwasimulie mwenyewe, maana hadithi hii imeshazunguka Gisenyi nzima na kila anayeipokea anaitia chumvi yake: wengine wanasema nilikutwa nakoroga uji, wengine wanasema nilipogundulika nilirukia pikipiki nikakimbilia mpakani. Uji sikukoroga, na kukimbia sikukimbia (ningekimbilia wapi na zile buti za shambani?). Nilichofanya ni kibaya kuliko hivyo vyote, na kila asubuhi nikifika kwenye geti la shule masikio yananipata moto, na geti lenyewe sina namna ya kulikwepa kwa sababu ndiko kazini kwangu.

Mimi ni mwalimu, na si mwalimu wa kusukumwa na maisha. Nilizaliwa Karagwe, Tanzania, wazazi wangu walikokuwa wamekimbilia, na nikiwa darasa la tatu nilikuwa tayari nawapanga wadogo zangu mstari uani na kuwaita majina, asiyeitika anafagia. Chuo cha ualimu nilisomea hukohuko, nikaja Rwanda na sanduku moja, cheti kimoja na Kiswahili changu kilichonyooka ambacho watu wa huku wananicheka nacho, wanasema naongea kama redio. Miaka kumi na minne nimefundisha Cyanzarwe, kule juu kwenye mashamba ya viazi, kwanza darasa la pili, halafu nikasoma shahada wikendi nikiwa na mimba ya mtoto wa tatu, halafu nikawa msimamizi wa masomo.

Na kilichonijengea jina kule ni geti. Saa mbili na nusu kamili nalifunga kwa mkono wangu, ufunguo naweka mfukoni, na mtoto aliyechelewa anaandika jina na sababu kwenye daftari la wachelewaji, na haingii mpaka mzazi wake aje atie sahihi pembeni. Wazazi wa kule wako shambani hatua chache tu, walikuwa wanakuja mbio na jembe mkononi, na haukupita mwezi watoto wote wakawa wanawahi. Afisa elimu wa wilaya alilisifu lile daftari mbele ya walimu wa shule nyingi, nami nikavimba kichwa, siwafichi.

Basi barua ikaja. Nimeteuliwa mkuu wa shule ya msingi huku mjini, mtaa wa Nengo, nianze kazi Jumatatu. Jamani, niliisoma mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nimekaa, mara ya tatu nikamsomea mume wangu kwa sauti, na yeye akaniuliza mshahara umeandikwa wapi, nikamwambia anyamaze nimalize. Usiku ule sikulala kwa furaha. Nilikuwa najiona nimesimama mbele ya watoto mia nane, bendera inapanda, na wote wananitazama mimi.

Sasa uamuzi mdogo ulioniponza ndio huu. Jumamosi kabla ya ile Jumatatu ilikuwa ya umuganda, kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi, na nikasikia kwamba watu wa Nengo watafanyia palepale shuleni. Nikajiambia, mimi ni mjanja, shule ikijua mkuu anakuja inaoshwa na kupakwa mafuta, ngoja niende kimyakimya niione ilivyo. Nikavaa kitenge changu cha kulimia, buti, kitambaa kichwani, nikashika jembe na kuteremka mjini. Hakuna aliyenijua. Nilikuwa na raha ile ya mtoto aliyejificha nyuma ya mlango.

Sikumaliza hata kuzunguka uwanja. Mwanamke mmoja mrefu, futi ya fundi cherehani inaning'inia shingoni (hata siku ya umuganda hakuivua), akanishika mkono. Huyo ndiye Mama Zuhura, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, duka lake la kushona linatazamana na geti la shule. Alinikagua toka juu hadi chini, akatabasamu kama mtu aliyepata alichokuwa anatafuta.

"We ndo mupishi mupya? Tunakungojea tangu wiki yenye ilipita."

Hapo, rafiki zangu, ndipo ningesema hapana na mkasa ukaishia hapohapo. Lakini ujanja ulikuwa umenipanda kichwani, nikaona jikoni ndiko kunakosemwa yote, basi nikajibu, "Karibu hivyo." Jibu gani hilo? Mtu anakuuliza kama wewe ni mpishi unamjibu karibu hivyo. Yeye hakungoja maelezo, akanivalisha aproni, akaniketisha kwenye kigoda kando ya ghala la chakula pamoja na wanawake watano, akaniwekea ungo wa maharage ya shule magotini.

Wanaume walikuwa wanachimba mfereji wa maji ya mvua, sisi tunachambua maharage, na kile Kiswahili cha mpakani kinatiririka. Mmoja akaniambia naongea kama redio, nikamwambia nilikulia Tanzania. Akasema hata direktrise mpya, ndivyo wanavyomwita mkuu wa shule, wanasema ametoka Tanzania. Nikamjibu Tanzania ni kubwa, wakacheka, na nikaona ni watu wazuri wa kukaa nao.

Ndipo wakaanza kumchambua yeye badala ya maharage. Wanasikia ana vyeti vingi, wanasikia ni mkali, na hasa wanasikia anafunga geti. Mama Zuhura akanigeukia akauliza mimi nilikuwa napika shule gani kabla, na mimi (Mungu anisamehe) nikasema Cyanzarwe. Wote sita wakaacha kuchambua. "Donc unamujua," akasema Mama Zuhura.

"Namjua sana," nikasema.

Wakasogeza vigoda. Sijui kama mmewahi kusikilizwa hivyo. Darasani mimi hupiga meza ndipo nisikilizwe, lakini pale wanawake sita wazima walikuwa wananitazama mdomo tu. Wakauliza, ni kweli anafunga geti? Nikasema anafunga saa mbili na nusu kamili, na ufunguo anauweka mfukoni, na kuna daftari, mtoto aandike jina na sababu na mzazi aje atie sahihi. Hayo yote kweli tupu. Wakaguna. Na mimi nikanogewa na ule mguno, nikaendelea, nikasema hata mume wake akichelewa kurudi hapewi chakula, analala na njaa. Wakacheka hadi mmoja akamwaga ungo. Nikasema anatembea hivi, nikainuka nikawaonyesha mwendo wangu mwenyewe, kifua mbele, mikono nyuma, nikakunja uso na kusema "Saa ngapi sasa hivi?" kwa sauti yangu ya paredi. Siku zote za maisha yangu sijawahi kuchekesha watu namna ile. Nilimsengenya mkuu mpya wa shule hadi jasho likanitoka, na mkuu mwenyewe ni mimi.

Mzee mmoja mlinzi wa shule, mzee Sadiki, kofia nyeupe na ndevu zimechanwa vizuri, alikuwa amesimama kando anasikiliza. Yeye hakucheka. Aliniuliza kwa upole ni saa mbili na nusu kwa saa ya nani, nikamwambia kwa saa ya direktrise. Akaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu anayeweka jambo akilini. Natamani ningemtazama vizuri zaidi siku ile.

Kazi ikaisha, watu wakakusanyika uwanjani kwa ule mkutano wa baada ya umuganda. Mkuu wa mtaa akazungumza kwa Kinyarwanda mambo ya usafi na ulinzi, kisha akauliza nani ana hoja. Mama Zuhura akasimama. Nilikuwa bado na aproni na kicheko tumboni, nikadhani ataomba sufuria.

Alisema, na sasa alikuwa hacheki, kwamba wazazi wa Nengo hawamtaki direktrise mpya na wanataka kuandika barua leo hii. Alieleza kwamba mama za nusu ya watoto hawa wanafanya biashara Goma, ng'ambo ya mpaka, saa kumi na mbili asubuhi wako kwenye foleni ya barieri wavuke, na mtoto mkubwa ndiye anayebaki kumwogesha mdogo na kumpeleka kwake yeye pale dukani, kisha ndipo akimbie shule, na anafika saa tatu kasoro. Mkuu aliyestaafu alikuwa akiwaachia geti. Huyu mpya atawafungia nje, na mtoto sahihi ya mzazi aliyeko Goma ataipata wapi?

"Tuko na mushahidi," akasema. "Mupishi wetu alitumika kazi na ye Cyanzarwe. Mama, simama useme."

Watu kama mia tatu wakageuka. Nikasimama, maharage mawili yakadondoka kutoka kwenye aproni, nikaenda mbele huku natafuta akilini neno la kunitoa pale, na sijalipata nikasikia gari limesimama nje. Akashuka afisa elimu wa wilaya, yuleyule aliyelisifu daftari langu, alikuwa anapitia umuganda mtaa kwa mtaa. Akaniona. Uso ukamfunguka kwa furaha.

"Mwalimu mkuu, umeshafika? Na umevaa kabisa nguo za kazi?"

Kimya kilichofuata sikitamani tena. Afisa, maskini, akadhani watu wamenyamaza kwa heshima, akatoa simu yake akaanza kunitambulisha kwa kusoma wasifu wangu, chuo, shahada, miaka kumi na minne Cyanzarwe, nidhamu ya mfano, na mimi nimesimama pale na aproni ya maharage na kila cheti kinachotajwa kinanizamisha zaidi. Wale wanawake watano walikuwa wananitazama kuanzia miguuni. Mama Zuhura alikuwa anaviringisha futi yake kidoleni.

Ningeomba radhi basi. Ningesema nilikosea, tungecheka, yangeisha. Lakini aibu ikinishika mimi hugeuka ukali, ndivyo nilivyo, na mkuu wa mtaa aliponiuliza nasemaje juu ya geti nilinyanyua kidevu na kusema kwamba Jumatatu geti litafungwa saa mbili na nusu kamili, daftari litakuwepo, na sheria haina mtoto wa barieri wala mtoto wa nani. Mzee Sadiki akaitikia kwa kichwa tena. Mama Zuhura akauliza kwa sauti ya chini, "Bon. Sahihi itatoka wapi?" Nikasema sheria ni sheria. Afisa akawaambia wazazi wanipe muhula mmoja, wakiona sifai ataipokea barua yao. Watu wakaondoka bila kunipa mkono.

Jumapili nzima nilikaa kama mgonjwa. Mume wangu aliposikia habari ya kulala na njaa aliniuliza kama na hilo limo kwenye wasifu. Nilikuwa nawaza jambo moja tu: Jumatatu afisa anakuja kunikabidhi shule mbele ya bendera, na mtu yeyote asinifananishe tena na mpishi. Nilitoa ile suti ya bluu, nikanyoosha, nikampigia Clarisse, msusi wa karibu na soko, anifungulie saa moja asubuhi anipige nywele pasi.

Alifungua. Akaanza upande wa kulia, nywele zikalala vizuri ajabu, nikajitazama kwenye kioo nikaona mkuu wa shule kabisa. Akahamia kushoto na umeme ukakatika. Clarisse akasema unarudi sasa hivi. Mngekuwa ninyi mngefanya nini na kichwa ambacho upande mmoja umelala na upande mwingine umesimama? Nilingoja. Saa mbili ikapita, "unarudi sasa hivi." Saa mbili na robo ikapita, "safari hii kweli." Saa mbili na nusu nilinyakua kitambaa cha Clarisse cha kufutia, nikajifunga kichwani, nikatoka mbio, na dereva wa pikipiki akanipa kofia ngumu nikaivaa juu ya hayo yote.

Nilifika saa mbili na dakika arobaini. Geti limefungwa. Nje yake wamesimama watoto kumi na mmoja, wamejipanga ukutani kimya, na ndani nasikia ngoma ya paredi.

Nikagonga. Kidirisha cha geti kikafunguka, ndevu za mzee Sadiki zikatokea, safi kama kawaida. Nikamwambia anifungulie haraka.

"Saa imepita, madame," akasema. "Ufunguo iko mu mufuko, vile ulisema."

Nikamwambia mzee, ni mimi, mkuu wa shule. Akasema ananijua vizuri sana, na ndiyo maana hawezi kuvunja neno langu siku ya kwanza, ataonekana mtu wa namna gani. Halafu kwa kile kidirisha akanipitishia daftari. Alikuwa amelinunua mwenyewe Jumapili, amelipiga mistari kwa rula: jina, sababu, sahihi ya mzazi. Alikuwa hanikomoi, nawaapia, alikuwa anatafuta kunifurahisha.

Nikabaki na daftari mkononi. Mtoto wa kwanza ukutani, msichana wa kama miaka tisa, begani mwa sweta lake pana alama mbichi ya mate ya mtoto mchanga, alisogea kidogo akanionyesha pahali pa kusimama ambapo jua halipigi usoni. Nikamuuliza mama yake anaweza kuja kutia sahihi saa ngapi. Akasema mama anarudi saa kumi. Kisha akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama saa kumi shule inakuwa bado iko. Hakuwa analia. Alikuwa anataka kujua tu kama angoje au aende.

Nimesomea ualimu nchi mbili, na swali lile halikuwemo kwenye mtihani wowote. Nilikumbuka Cyanzarwe na wale wazazi na majembe yao, nikaona jinsi daftari langu lilivyokuwa rahisi pale ambapo mama yuko hatua chache, na jinsi nilivyolishikilia kama medali.

Mama Zuhura alikuwa ameshavuka barabara. Sijui alisimama nyuma yangu muda gani. Mtoto mmoja mdogo amembeba mgongoni, mwingine anamshika sketi, na futi yake shingoni. Alinitazama suti, akanitazama kile kitambaa cha saluni, chini yake upande wa kushoto nywele zimeanza kuchungulia. Nikajua sasa ndiyo zamu yake ya kunifanya kichekesho mtaani, na nikajua nimestahili.

Akanyoosha mkono nikampa daftari. Akaliweka juu ya ukuta, akawaita watoto mmoja mmoja waandike majina, na mbele ya kila jina, pale kwenye sahihi ya mzazi, akaandika lake. "Hawa bote asubuhi mi ndo mama yabo," akamwambia mzee Sadiki. Mzee akakagua sahihi kumi na moja bila haraka, akaridhika. Kisha akaninyooshea mimi kidole na kusema huyu hana mzazi.

"Nipe bic," Mama Zuhura akamwambia mzee, akapokea kalamu na daftari akanipa mimi.

Nikaandika jina langu, la kumi na mbili. Kwenye sababu nilitaka kuandika "umeme", nikaandika "nywele". Naye akatia sahihi yake mbele ya jina langu, akalifunga daftari, akanirekebishia kile kitambaa kichwani kama anavyowafanyia wale wadogo.

"Ingia, mupishi. Na we batu banakungojea sana."

Tukaingia kwa mstari, watoto kumi na mmoja mbele na mimi nyuma. Paredi nzima ikageuka, walimu, watoto mia nane, na afisa elimu mbele ya bendera amekunjua karatasi ya wasifu wangu. Akaitazama saa yake. Akanitazama. "Mwalimu mkuu, umeshafika?" akasema, na safari hii hakuwa na ule uso wa furaha. Nilimwomba asisome ile karatasi. Nikasimama mbele yao nikawaambia jina langu, kwamba nimechelewa dakika kumi kwa ajili ya nywele, kwamba nimetiwa sahihi na mzazi, na kwamba kuanzia kesho geti litakuwa wazi hadi saa tatu kwa mtoto yeyote anayepitia kwa Mama Zuhura. Watoto hawakuelewa vizuri, lakini walipiga makofi kwa sababu walimu wa pembeni walianza, na upande wa ukuta nikamsikia yule msichana wa sweta lenye mate akipiga kuliko wote.

Barua ya wazazi haikuandikwa, muhula umekwisha na bado niko. Ukurasa ule upo kwenye daftari, kila Ijumaa nikilikagua nauona, na mzee Sadiki ufunguo anao yeye, sijamwomba. Nami siku ileile nilijiapiza: mtu akiniuliza mimi ni nani, namjibu hapohapo, hata jibu liwe na aibu namna gani.

Kiapo hicho kilijaribiwa Jumatano ya wiki ileile ya kwanza, mpishi wa kweli alipofika. Mwanamke mnene mwenye sauti, aliingia chumba cha walimu saa ya mapumziko na sahani ya maharage mkononi, juu yake kapanga mawe saba, akauliza mbele ya watu wote ni mpumbavu gani aliyechambua haya.

Walimu wote wakatazama madaftari yao. Nikanyoosha mkono.